Hesabu Wiki, Hesabu Pumzi: Chanjo ya Nimonia kwa Mzazi wa Kitengela na Kajiado

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama Mkenya likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Dozi ya tatu ya chanjo ya nimonia hudungwa mtoto akitimiza wiki 14. Zipige hesabu hizo mbili uone zinavyopishana: likizo inakwisha kwenye wiki ya 13, tena hiyo ni kwa mama aliyeianza siku ya kujifungua. Mama aliyepanga chumba Noonkopir na anayeshona nguo katika viwanda vya EPZ pale Athi River anarudi kazini siku chache tu kabla ya tarehe ya kliniki. Mtoto anabaki na yaya au nyanya yake, kijitabu cha kliniki kimefungiwa kabatini, na wiki ya 14 inapita bila mtu kukumbuka.

Ukiifuata barabara ya Namanga kuelekea kusini, ukapita Isinya na mji wa Kajiado hadi Bissil, tatizo linabadilika sura. Huko mama yuko na mtoto mchana kutwa, lakini zahanati iko mbali na boma, na kiangazi kikikaza familia huhama na mifugo. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, na katika miaka kama hiyo malisho ndiyo yanayoamua mtoto atalala wapi, si tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu.

Kaunti ya Kajiado ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 21,900. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,117,840, na 154,436 kati yao walikuwa Kitengela. Ratiba ya chanjo ni moja kwa wote hao, wa mjini na wa malishoni. Mwongozo huu unaeleza kwa nini ratiba hiyo ilipangwa mapema hivyo katika maisha ya mtoto, jinsi ya kuifuata katika mazingira ya hapa, na la kufanya mtoto akianza kuhema vibaya hata baada ya kuchanjwa.

Bakteria anayeishi puani

Nimonia huletwa na viini vingi, vikiwemo virusi. Bakteria anayeongoza kwa kuua watoto kwa ugonjwa huu ni nimokokasi. Louis Pasteur wa Ufaransa na George Sternberg wa Marekani walimgundua mwaka 1881, kila mmoja kwa njia yake. Tangu hapo wanasayansi wameorodhesha zaidi ya aina 100 za bakteria huyo, na tofauti kati ya aina moja na nyingine iko kwenye ganda la sukari linalomfunika.

Makao yake ni nyuma ya pua na juu ya koo. Kabla chanjo haijaanza kutolewa nchini, watafiti waliopima pua za watoto Kilifi walimkuta katika zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5. Wengi wao walikuwa wakicheza kama kawaida. Anapita kutoka mtoto hadi mtoto kwa chafya, kikohozi, mate na kitambaa kimoja kinachopangusa pua tatu. Katika nyumba ya chumba kimoja, au mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako kazini, safari hiyo ni fupi.

Hatari huanza anapotoka puani. Akipanda kwenye sikio la kati, mtoto hulia usiku kucha na baadaye sikio hutoa usaha. Akishuka kwenye mapafu ni nimonia. Akiingia kwenye damu huenea mwili mzima, na akifika kwenye utando wa ubongo huleta homa ya uti wa mgongo, ambayo hata mtoto akipona inaweza kumwachia uziwi au kifafa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba nimonia ya kila chanzo iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka 5 mwaka 2019, yaani asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo.

Wazazi wengi hulaumu baridi, hasa ile ya Juni hadi Agosti inayovuma kwenye mbuga za Athi na Kaputiei. Baridi yenyewe haina bakteria. Kinachotokea ni kwamba miezi hiyo watu hujifungia ndani, madirisha hufungwa, jiko la makaa huingizwa chumbani, na virusi vya mafua huzunguka kwa wingi. Mafua huchubua njia ya hewa, na nimokokasi aliyekuwa ametulia puani hupata njia ya kushuka. Ndiyo maana mtoto aliyeanza na mafua ya kawaida Jumatatu anaweza kuwa hoi kufikia Ijumaa.

Kwa nini mwili wa mtoto mchanga hauwezi peke yake

Seli nyeupe za damu humeza bakteria. Hiyo ndiyo kazi yao. Lakini ganda la sukari la nimokokasi huzitelezesha, zikashindwa kumshika. Ili zimshike, lazima kwanza apakwe kingamwili, yaani protini zinazotengenezwa na mwili na kunata kwenye ganda hilo. Kingamwili hufanya kazi kama chapa ya ng'ombe: mnyama akishapigwa chapa, kila mchungaji anajua la kumfanyia. Bakteria aliyepata chapa humezwa na seli nyeupe, na aliyefika kwenye damu hunaswa na wengu, kile kiungo cha upande wa kushoto chini ya mbavu ambacho wengine hukiita bandama.

Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, zilizopita kwenye kondo la nyuma. Hizo hupungua miezi ya mwanzo inavyokwenda. Maziwa ya mama huongeza ulinzi wa aina nyingine kwenye koo na pua. Pengo linabaki pale mtoto anapotakiwa kutengeneza kingamwili zake mwenyewe. Mtu mzima akikutana na sukari ya ganda, mwili wake hutengeneza kingamwili. Mwili wa mtoto wa chini ya miaka 2 unakutana na sukari ileile na karibu haushtuki.

Hili liliwasumbua watengenezaji wa chanjo kwa muda mrefu. Penisilini ilipoanza kutumika katika miaka ya 1940, wengi waliona kwamba chanjo haina haja tena. Daktari Robert Austrian wa Marekani hakukubali. Mwaka 1964, yeye na mwenzake Jerome Gold walionyesha kwamba wagonjwa ambao bakteria huyu alikuwa ameshaingia kwenye damu yao waliendelea kufa siku za mwanzo hata walipopewa penisilini, kwa sababu dawa iliwafikia wakiwa wamechelewa. Austrian aliijaribu chanjo yake kwa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, waliokuwa wakilala wengi katika mabweni na kuugua nimonia kwa wingi. Chanjo ya aina 14 ikapewa kibali mwaka 1977, na ya aina 23 ikafuata mwaka 1983. Zote mbili zilikuwa sukari tupu. Ziliwafaa watu wazima, lakini watoto wachanga hazikuwasaidia.

Ufumbuzi ulikuwa kuiunganisha sukari na protini. Kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kusaidia na kuamrisha, nazo hutambua protini tu. Sukari inapofika ikiwa imeshikamana na protini, seli hizo huamka, huzisukuma zile zinazotengeneza kingamwili, na nyingine hubaki zikiwa na kumbukumbu ya adui kwa miaka. Hata mwili wa mtoto wa wiki 6 unaweza kufanya hivyo. Chanjo ya kwanza ya namna hii kwa nimokokasi ilianza kutumika Marekani mwaka 2000, ikiwa na aina 7.

Dozi moja huanzisha tu utambuzi. Ya pili na ya tatu hupandisha kiwango cha kingamwili hadi kinachoweza kumlinda mtoto. Mzazi anayeishia kwenye dozi ya kwanza amemwacha mtoto wake nusu njia.

Kilifi ilivyoonyesha

Kenya ilizindua chanjo hii Februari 2011, miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika, kwa msaada wa shirika la Gavi. Ilikuwa na aina 10, na kwenye kijitabu huandikwa PCV.

Kilifi palikuwa na mpango wa ziada. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust walikuwa wakifuatilia wagonjwa wa hospitali ya huko kwa miaka mingi kabla ya chanjo, na mwaka 2011 kampeni ya chanjo iliwalenga watoto wote wa chini ya miaka 5, si wachanga peke yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet, Laura Hammitt na Anthony Scott wakiwa miongoni mwa waandishi. Maambukizi makali ya damu na ubongo yanayotokana na aina zilizomo kwenye chanjo yalikuwa yamepungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Yakijumlishwa na aina zisizomo kwenye chanjo, upungufu ulikuwa asilimia 68.

Jambo jingine liliwavutia madaktari. Ugonjwa ulipungua pia kwa watu ambao hawakuchanjwa kabisa: watoto wachanga ambao umri wao wa kuchanjwa ulikuwa haujafika, watoto wa shule, na watu wazima. Mtoto aliyechanjwa habebi tena aina hizo puani kwa wingi, kwa hiyo hampelekei nyanya yake wala ndugu yake mdogo. Kwa chumba cha Kitengela kinacholaza watu watano, hiyo ina maana kwamba sindano za mtoto mmoja zinamkinga pia mzee wa kisukari anayelala kitanda cha pili.

Utafiti huohuo unaonyesha kikomo cha chanjo. Bakteria huyu ana zaidi ya aina 100 na chanjo ina 10. Puani mwa watoto wa Kilifi, aina zisizomo kwenye chanjo zilichukua nafasi iliyoachwa. Nyingi si kali kama zile za kwanza, lakini zinaweza kuua. Tangu 2022 Kenya hutumia chanjo iitwayo Pneumosil, inayotengenezwa na Serum Institute ya India. Nayo ina aina 10, ila imeongeza 6A na 19A na kuacha mbili zilizokuwemo awali.

Jinsi ya kuifuata ratiba

Dozi tatu hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hesabu ni rahisi kwa sababu kliniki huangukia siku ileile ya wiki aliyozaliwa mtoto. Aliyezaliwa tarehe 1 Juni anatakiwa kliniki tarehe 13 Julai, tarehe 10 Agosti na tarehe 7 Septemba. Ziandike tarehe zote tatu siku unayotoka hospitali ya kujifungulia, na uziweke kwenye simu zenye kengele: yako, ya baba mtoto, na ya yeyote atakayebaki na mtoto. Siku hizohizo mtoto hupata pia chanjo ya pentavalenti, matone ya polio na chanjo ya kuhara ya rota. PCV hudungwa paja la kulia na pentavalenti paja la kushoto. Mtoto akirudi nyumbani na uvimbe mdogo kwenye mapaja yote mawili, ni kwa sababu hiyo.

Chanjo hii ni bure katika vituo vya serikali, kuanzia zahanati hadi Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado. Kliniki nyingi za binafsi na za makanisa hupokea chanjo za serikali, ingawa zinaweza kutoza ada ya huduma. Ulizia ada hiyo kabla ya kuingia.

*Ukiwa umeajiriwa.* Panga ruhusa ya siku ya wiki ya 14 kabla hujarudi kazini, si baada. Mpe msimamizi tarehe kwa maandishi. Kama ruhusa haipatikani, si lazima mama ndiye ampeleke mtoto. Baba, shangazi, nyanya au yaya anayeaminika anatosha, mradi abebe kijitabu na ajue kueleza hali ya mtoto ya siku chache zilizopita. Kijitabu kikae pale mtoto anaposhinda, si kwenye kabati lililofungwa.

*Ukiwa unahama.* Ratiba inatambulika kote nchini. Mtoto aliyeanzia Bissil anaweza kumalizia Namanga, Loitokitok, au Kisii akipelekwa ushago kwa nyanya. Kinachohitajika ni kijitabu. Familia inayovuka mpaka kuingia Longido isidhani kwamba chanjo inaishia Namanga: Tanzania ilizindua chanjo ya nimokokasi mwishoni mwa 2012. Hata kama ni ya kampuni nyingine na ina idadi tofauti ya aina, ni afadhali mtoto akamilishe dozi kwa iliyopo kuliko kungoja ileile ya kwanza. Kwa maboma yaliyo mbali, mhudumu wa afya ya jamii ndiye anayejua siku wauguzi watakapokuja kuchanja karibu, iwe kanisani, shuleni au kwenye soko la mifugo. Mwachie namba ya simu kabla ya kuhama.

*Ukiwa umechelewa.* Nenda leo. Mtoto aliyekosa dozi haanzi upya. Anaendelea alipoachia, mradi wiki 4 ziwe zimepita tangu dozi iliyotangulia. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja bila dozi hata moja hahitaji idadi ileile ya sindano, kwa hiyo mwachie muuguzi apange. Wazazi wengine huogopa kukaripiwa wakaamua kutokwenda kabisa. Ukikuta muuguzi mkali, msikilize, mtoto achanjwe, kisha urudi zako nyumbani.

*Ukiwa umepoteza kijitabu.* Kituo alichochanjwa mtoto huwa na rejista. Nenda na tarehe ya kuzaliwa na jina lililotumika kliniki, kisha uombe kijitabu kipya kijazwe kutoka humo.

*Chanjo ikiwa imekwisha.* Mwaka 2025 vituo vingi nchini vilikosa kwa muda chanjo ya kifua kikuu na ile ya polio. Hali kama hiyo ikitokea, usirudi nyumbani mikono mitupu. Mtoto apate zile zilizopo siku hiyo, muuguzi aandike ni ipi iliyokosekana, na akupe tarehe ya kurudi au jina la kituo jirani chenye akiba. Unaweza pia kuambiwa usubiri hadi watoto wafike idadi fulani ndipo chupa ifunguliwe. Kwa chanjo ya surua na ya kifua kikuu kuna sababu, kwani chupa ikishafunguliwa hudumu saa chache tu. Pneumosil ya dozi nyingi inaweza kutunzwa hadi siku 28 baada ya kufunguliwa, ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo uliza kwa upole kama kuna haja ya kungoja.

Siku ya kliniki

Mafua mepesi, kikohozi kidogo au joto la chini si sababu ya kuahirisha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa wiki tangu siku aliyozaliwa, si tangu siku aliyotarajiwa. Mtoto ambaye mama yake anaishi na virusi vya UKIMWI huchanjwa kwa ratiba ileile, tena yeye anaihitaji zaidi. Anayeahirishwa ni mtoto mgonjwa sana anayehitaji kulazwa, na yule aliyewahi kupata mzio mkali baada ya dozi iliyopita.

Kabla ya sindano, unaweza kuomba kuona kibandiko kilicho kwenye chupa. Kina duara na ndani yake mraba. Mraba ukiwa na rangi hafifu kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukiwa umekolea sawa na duara au kulizidi, chupa hiyo haitumiki. Wauguzi wanaifahamu alama hii, na kuiulizia si kumvunjia mtu heshima.

Baada ya sindano kaeni kituoni angalau dakika 15, kwa sababu mzio mkali, ambao ni nadra, hutokea upesi. Nyumbani, tarajia mtoto kulia akiguswa paja, wekundu, na joto la siku moja au mbili. Mnyonyeshe mara kwa mara. Parasetamoli itolewe kwa kipimo alichokitaja muuguzi kulingana na uzito. Usikande paja kwa maji moto wala kulipaka chochote. Joto likizidi siku mbili, au mtoto akikataa kunyonya, hiyo si chanjo tena, kwa hiyo mrudishe hospitali.

Hesabu ya pili: pumzi

Mtoto aliyemaliza dozi zote tatu bado anaweza kupata nimonia, ya virusi au ya bakteria wasiomo kwenye chanjo. Kifaa cha kuitambua mapema ni simu yenye saa.

Subiri mtoto atulie. Asiwe analia wala kunyonya. Mfunue nguo uone kifua na tumbo, uweke saa ya dakika moja kamili, na uhesabu kila kifua kinapoinuka. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa maana pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja.

Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anahema haraka mno. Wa miezi 2 hadi 11, kiwango ni 50. Wa mwaka 1 hadi kutimiza 5, ni 40. Mwenye kikohozi na pumzi za kiwango hicho apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Angalia pia sehemu ya chini ya mbavu: ikiwa inaingia ndani kila mtoto anapovuta hewa, mapafu yanafanya kazi kwa taabu. Si kila mtoto wa namna hiyo hulazwa siku hizi. Utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya na kuchapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na Dkt. Ambrose Agweyu, ulionyesha kwamba wengi hupona kwa amoksilini ya kumeza sawa na kwa sindano za penisilini. Lakini anayeamua hilo ni mhudumu wa afya aliyemwona mtoto, si mwenye duka la dawa.

Dalili nyingine hazingoji hata asubuhi. Ni mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, asiyeamka vizuri, anayekoroma akivuta hewa hali ametulia, au mwenye midomo iliyogeuka rangi. Kwa mchanga, ongeza utosi uliovimba. Kwa mkubwa, ongeza shingo iliyokakamaa. Hapo ni kutafuta gari au boda boda usiku huohuo. Kutoka Kitengela hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ni kama kilomita 50, kwa hiyo anzia kituo kilicho karibu kinachofanya kazi usiku ili mtoto apate hewa ya oksijeni na dozi ya kwanza ya dawa kabla ya safari.

Mtoto anayehema kwa shida asinyweshwe mafuta ya kondoo, samli wala dawa ya mitishamba kwa nguvu. Vinaweza kumpalia vikaingia kwenye mapafu yaleyale yanayougua. Amoksilini ikitolewa, ipewe kwa kipimo na siku zilizoandikwa, hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili. Vidonge vilivyobaki kwa kaka yake mwaka jana visitumike. Dozi nusunusu ndizo zinazomzoesha bakteria dawa.

Nyumba na moshi

Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa kupikia ndani ya nyumba hukaribia kuongeza maradufu hatari ya maambukizi ya mapafu kwa watoto. Katika nyumba ya jadi ya Kimaasai yenye paa la chini na tundu dogo la hewa, mtoto asilazwe upande wa moto, na tundu lipanuliwe inapowezekana. Katika chumba cha kupanga mjini, jiko la makaa lipikiwe nje, wala lisiingizwe usiku kupasha chumba joto: pamoja na kudhuru mapafu, hewa yake yenye sumu huua watu wazima usingizini.

Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo hupunguza hatari pia. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Mama anayerudi kiwandani aulize mahali hapo palipo kabla ya kununua maziwa ya kopo. Na watu wote wa nyumbani wanawe mikono, na wakohoe kwenye kiwiko wakiwa karibu na mtoto.

Wanaohitaji zaidi ya ratiba ya kawaida

Kitengela imejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, wakiwemo wa kutoka Magharibi, Nyanza na Pwani, ambako ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida. Ugonjwa huo huharibu wengu mapema, na mtoto hupoteza chujio la damu ambalo lingemnasa nimokokasi. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2009 ulimkuta bakteria huyu akiongoza kati ya wale waliopatikana kwenye damu ya watoto wenye selimundu. Mtoto wa namna hiyo hutakiwa kupata PCV zote bila kuchelewa, penisilini ya kila siku hadi afikishe miaka 5, na ushauri wa daktari kuhusu dozi za ziada. Kwenye familia yenye historia ya selimundu, omba mtoto apimwe mapema.

Mtu mzima aliyetolewa wengu baada ya ajali, anayeishi na virusi vya UKIMWI, mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, figo au mapafu, pamoja na mzee wa miaka 65 na zaidi, naye yuko kwenye hatari. Ratiba ya bure ya serikali imelenga watoto, hivyo mtu mzima hupata chanjo hii hospitali za binafsi kwa malipo. Kuna ya sukari tupu yenye aina 23, na kuna zilizounganishwa na protini. Daktari ndiye atakayesema ipi itangulie. Anayevuta sigara aache, kwa sababu sigara yenyewe huongeza hatari ya ugonjwa mkali wa nimokokasi hata kwa kijana.

Kliniki inayofuata baada ya wiki ya 14 ni ile ya miezi 6, mtoto anapopewa vitamini A, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Ukifika pale, fungua ukurasa wa chanjo mbele ya muuguzi na uhesabu naye visanduku vitatu vya PCV. Kimoja kikiwa kitupu, mwombe amchanje mtoto palepale ikiwa wiki 4 zimetimia tangu dozi ya mwisho.